Mama Alionja Kwanza

Mama alikuwaga anaonja kwanza. Kijijini kwetu Buswahili mtu akikupa dawa ya kunywa bila kuionja mbele yako, unamrudishia kibuyu chake, hata awe shangazi yako. Basi mtu akija na kikohozi, mama anachemsha mzizi wake, anapiga funda moja, anajifuta mdomo, ndipo mgonjwa anakunywa. Wagonjwa walikuja hata kutoka Bunda, wengine na kuku mkononi. Jogoo mmoja wa Bunda alinidonoa hapa shavuni, kovu lipo mpaka leo, lakini hayo tuyaache.

Walipona. Wenye kukohoa damu mama aliwafukuza waende hospitali.

Miaka yake ya mwisho mikono ilimtetemeka, moyo ukawa unamwenda mbio na yeye amekaa tu. Tukasema ni uzee. Asubuhi moja hakuamka. Mzizi uliobaki niliuacha darini, kwenye moshi.

Mwaka huu mke wa mwanangu akaja kutoka mjini, Kamunyonge, na mjukuu wangu wa miaka mitano, anakohoa mpaka machozi.

"Baba, dawa ya chupa nimenunua, hakuna kitu. Ile ya bibi si ipo?"

"Ipo. Ila mimi sio bibi."

"Kuchemsha maji nako kunataka shule, Baba?"

Nilicheka. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilirudia. Nikachemsha. Kipimo sikijui, mama alikata kwa jicho, hakunifundisha, alisema nina mdomo mwepesi. Harufu ilipopanda, nyumba ikawa yake tena. Nilihisi amesimama nyuma yangu, ananisubiri. Nikaonja.

Mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono apokee, mara moyo wangu ukaanza kukimbia kama ng'ombe aliyenusa fisi. Vidole vikatetemeka. Nikaimwaga yote mlangoni.

"Baba! Mbona unamwaga?"

"Mbebe. Twende zahanati."

Mhudumu alimsikiliza kifua, akahesabu anavyohema. Akasema ni mafua, kikohozi kitaisha chenyewe. Tumpe kijiko cha asali na maji ya uvuguvugu, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asali asipewe kabisa. Akianza kuhema haraka, turudi upesi. Tukafanya hivyo. Alikohoa wiki na zaidi, kikaisha.

Kitaisha chenyewe. Neno hilo linaninyima usingizi. Kama hata vikohozi vya watu wa Bunda vilikuwa vinaisha vyenyewe, mama alikuwa anameza nini, kwa ajili ya nani? Mgonjwa alikunywa siku mbili tatu, akaenda zake. Yeye alikunywa kwa kila mgonjwa, miaka yote. Sina hakika. Labda ulikuwa uzee kweli. Hakuna wa kumuuliza, ila nilikuwa ninamuuliza yeye kila siku, na mara nyingine, mchana kabisa, nilisikia kama anaguna.

Juzi mama mmoja wa Bukima alileta kichanga, anautaka ule mzizi. Nikamwambia umeisha, nikamwelekeza zahanati. Alipoondoka nikapanda darini kuuteremsha. Kuuchoma niliogopa, moshi wake ungetuingia wote. Nikautupa kwenye shimo la choo, ili nikifa asije mtu akauchemsha.

Nikasema kwa sauti, "Mama, unisamehe."

Nikasubiri. Hakuguna. Tangu siku hiyo yuko kimya, na kimya hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.