Gauni Lililonuka Robota

Mtaani walimwita Bwana Pindo, kwa sababu ukimsalimia, macho yake yalishuka kwanza kwenye pindo la suruali yako, ndipo akajibu. Alikuwa fundi hodari wa cherehani, na uhodari wake haukumfaa kitu, maana mtaa ule ulikuwa na ugonjwa wake. Nguo mpya iliyoshonwa palepale, mbele ya macho yao, kwao haikuwa nguo. Nguo ni ile iliyokwisha kuvaliwa na mtu wa ng'ambo, akaichoka, akaitupa.

Pamba ilitoka katika mashamba yao wenyewe. Ikapanda meli, ikafumwa kwingine, ikashonwa kwingine, ikavaliwa kwingine tena na watu wasiowajua hata kwa sura, ikaloa jasho, ikapauka, kisha ikarudishwa imekazwa kwa mikanda kuwa robota la mitumba. Robota likifunguliwa, wao hao wenye pamba walikanyagana kuigombania. Halafu mtu anaondoka kifua mbele na shati lenye doa la mchuzi asioujua ulipikwa na nani. Haya hawana!

Aliyefungua marobota hayo alikuwa jirani yake wa kibanda cha pili, mwanamke mcheshi aliyeitwa Mama Robota. Siku moja alimkuta fundi akipangusa vumbi kwenye magauni yaliyokosa mnunuzi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Fundi, kosa lako unauza nguo safi. Hebu nipe moja nikuonyeshe watu wako walivyo."

Akamfundisha, na Bwana Pindo akajifunza huku akitukana kimoyomoyo. Nguo ikiisha kushonwa, aliiloweka kwenye maji ya magadi, akaianika juani mpaka rangi ikakata tamaa, akaisugua kola kwa jiwe la kusugulia miguu, akang'oa kifungo kimoja na kuweka kingine kisichofanana na wenzake. Mama Robota alitia lebo iliyokatwa kwenye nguo chakavu, yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo yaliaminiwa. Mwisho nguo ililazwa ndani ya robota ishike harufu, kwani wateja wa pale walinusa kwanza, wakatazama baadaye. Zilikwenda kama njugu.

Hayo yote aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa moja: mkewe. Tangu waoane, hakuwahi kutoka nje na kazi ya mikono ya mumewe. Kila gauni alilomshonea liliitikiwa "ahsante, baba watoto," kisha likaishia kufunika cherehani. Harusi ya mdogo wa mkewe ilipokaribia, fundi alishona gauni la kijani ambalo hata yeye mwenyewe lilimtisha kwa uzuri. Alitaka mara moja tu katika maisha yake mkewe asimame mbele za watu akiwa amelivaa.

Mkewe alilishika kwa vidole viwili, macho yakiwa dirishani.

"Zuri. Lakini mume wangu, kule watakuja watu. Niende na kazi za uchochoroni?"

 Bwana Pindo alilichukua gauni, akalitia kwenye magadi, akalipeleka kwa jirani. "Akija, liweke chini kabisa. Aligombanie."

Siku ya tatu mkewe aliingia ndani mbio, anahema, gauni kifuani. "Nimelipokonya mikononi mwa mtu! Nusa!" Fundi akanusa. Mkewe hakulitambua, na angelitambuaje wakati hakuwahi kulitazama? "Nipunguzie kiuno," akasema mkewe, "lakini taratibu na mkasi wako. Hiyo kazi ya watu wanaojua." Basi mwanamume akaketi kufumua mshono wake mwenyewe, akisimamiwa.

Harusini wanawake walimzunguka. Mashangazi walishika kitambaa, mawifi wakaguna kwa kijicho. "Ya nje hiyo," mkewe alisema, mumewe amesimama pembeni. "Hapa nani wa kushona hivi?"

Bwana Pindo alivumilia mpaka wakafika nyumbani. Mlangoni tu akapiga goti, akapindua pindo la gauni na kumwonyesha mishono mitatu ya uzi mwekundu, alama anayoificha katika kazi zake zote.

"Mimi," akasema. "Hapa ndimi wa kushona hivi. Ni lile la kijani ulilolikataa."

Mkewe aliinama, akatazama uzi ule kwa muda mrefu. Fundi alibaki na goti chini, akingoja haki yake ya miaka yote ile. Mkewe akainuka, akanyoosha mkono, akalivuta gauni kwapani.

"Kumbe! Ndiyo maana tangu asubuhi linanibana."

Kesho yake, fundi alipofungua kibanda, gauni la kijani lilikuwa limefunika cherehani.