Mapito Niliyoyapima Kiangazi

Mimi sipendi kukosolewa. Nalisema mapema ili nisionekane najitakasa. Hata mama yangu akiniambia wali umeungua, nanuna mpaka jioni. Na kazi yangu ni kupima ardhi, kazi ambayo kila mwenye miguu miwili anaona anaijua kuliko wewe.

Mwaka ule ofisi yetu ya Ifakara ilinituma kijiji kimoja cha bondeni kupima mapito ya mifugo, yaani njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni bila kukanyaga mpunga wa watu. Ilikuwa ramani yangu ya kwanza kuifanya peke yangu. Bosi alikuwa ameshairudisha mara mbili, imejaa wino mwekundu, tena mbele ya wenzangu. Mara ya pili nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka nacheka. Niliapa ramani hiyo hairudi tena.

Ikabaki kijiji kuipitisha. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, mbuga imekauka mpaka imepasuka. Tulivifuata vigingi vyangu kwa miguu, wakulima mbele, wafugaji nyuma, hawasemeshani. Msimu uliopita walikuwa wamekatana mapanga kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza palepale kwamba safari hii mfugaji ambaye ng'ombe wake watatoka nje ya mapito atahama, yeye na zizi lake.

Tulipofika katikati, mzee mmoja wa Kisukuma akasimama. Nilikuwa nimemwamkia asubuhi, akaniitikia vizuri tu. Akachomeka fimbo yake kwenye ufa, ikazama karibu yote.

“Mwanangu, hapa pabaya,” akasema. “Mvua zikishika, hapa panakuwa tope la kumeza ng'ombe. Watakwepa, na wakikwepa wanaangukia mpunga wa watu. Isogeze njia kule kwenye mwinuko.”

Kuisogeza maana yake kupima upya, na ramani irudi kwa bosi. Hasira zikanipanda.

“Mzee, hii kazi nimeisomea. Wewe umesomea wapi?”

Wakulima wakaangua kicheko. Mzee aliichomoa fimbo, akaipangusa kwa kiganja, akarudi kwa wenzake. Loo, nilivyojiona nimemkomesha!

Mvua zilishika mapema. Kila asubuhi, nyumbani Mlabani, pale Ifakara, niliamka nikisikia bati linavyopigwa na mvua. Nilikuwa naogopa, basi. Nikinywa chai, naiona ile njia. Nikifua, naiona. Ningeweza kumwendea bosi nikamwambia nimekosea, tusogeze vigingi. Nikajiambia wiki ijayo. Wiki ikafika, nikajiambia mvua itapungua. Haikupungua.

Simu ya mtendaji wa kijiji iliingia saa nne asubuhi: njoo na makaratasi yako.

Niliwakuta wanakijiji wamejaa nje ya ofisi ya kijiji. Wanaume walikuwa na mapanga mikononi. Hakuna aliyeyanyanyua, hakuna aliyeyaweka chini. Mtendaji akanieleza kwa sauti ya chini: ng'ombe wawili wamezama kwenye mapito, pale katikati, na kundi lililobaki limekwepa likaingia kwenye mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Mwenye ng'ombe alikuwa yule mzee. Alikaa chini, tope mpaka mapajani. Kando yake mkewe alikuwa ameshafunga mizigo.

“Nilisema,” mzee alikuwa anamwambia mwenyekiti. “Siku ya kukagua nilisema. Tazameni kwenye maandishi.”

Wote walikuwepo siku ile. Waliocheka walikuwepo. Sasa kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake, maana mpunga uliolala kwenye maji ulikuwa wao. Hata mwenyekiti alikuwa amesikia kwa masikio yake, ila akasema yeye anafuata karatasi. Akaninyooshea mkono.

Nikampa muhtasari wa siku ile ya ukaguzi. Akausoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Nilijua anachokitafuta, na nilijua hakimo, kwa sababu aliyeuandika ni mimi. Niliandika kwamba wajumbe wote wameridhia. Nilitaka bosi asione hata doa moja.

“Hapa hamna kitu,” mwenyekiti akasema.

Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linaloniumiza. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeona msaada umefika.

“Mwanangu, waambie. Si wewe niliyekwambia?”

Neno moja tu lilitakiwa. Nikaifikiria ofisi, nikamfikiria bosi akilisikia neno hilo, na wenzangu nao wakilisikia.

“Sikumbuki, mzee,” nikasema.

Mkewe akainama, akajitwika mzigo wa kwanza.