Debe Lipi, Mwenyekiti?

"Mkiwaona wapimaji wa ardhi, pigeni debe, sote tutakimbilia huko," mwenyekiti wa kijiji alisema mkutanoni mwezi uliopita, na mimi nikausikia mlio wa debe la utotoni mwangu. Nilisimama na mtoto wangu akinyonya hivyo hivyo.

"Shikamoo, mwenyekiti. Debe lipi?"

"Marahaba. Kaa, binti, unamsumbua mtoto."

"Mtoto hajasumbuka. Nauliza, debe lipi?"

Vijana walicheka. Watu wazima hawakucheka.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la pili, mwenyekiti alikuwa huyu huyu. Tajiri mmoja aliyataka mashamba yetu ya bondeni, huku ng'ambo ya mto upande wa Lupiro, na watu wakagoma kutoka. Walikutana kabla ya mvua, bonde likiwa kavu na kimya, na mwenyekiti akatoa wazo: atakayewaona wapimaji apige debe, wote waje kuwazuia. Mama alipiga makofi. Nami nilifurahi, maana debe ndiyo ilikuwa kazi yangu shambani.

Wapimaji hawakuja kiangazi. Walikuja mpunga ukishika maziwa, ndege wa kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na juu ya kila dungu, jukwaa la kulindia shamba, kuna mtoto anayepiga debe tangu alfajiri kuwafukuza. Bado naisikia harufu ya mpunga mbichi na tope lililochomwa na jua. Mama alipowaona alininyang'anya debe, akalipiga mpaka likabonyea. Jirani yetu alipaza sauti kutoka dungu lake, akicheka: "Leo ndege wamekuchagua wewe, mama!" Kisha akaendelea kupiga lake. Hakuna aliyekuja. Jioni mawe ya mipaka yalikuwa yamepita katikati ya mpunga wetu, na hatukuuvuna.

Nimekua nikiambiwa tulikosea tu kuchagua ishara. Kukosea gani? Mtu aliyezaliwa bondeni hajui msimu wa ndege? Na mbona mawe yalilikwepa shamba la mwenyekiti? Ushahidi sina, lakini macho ninayo.

Mama alikwenda kulima vibarua kwa watu. Mimi nina kidato cha nne na watoto wawili wanaokula kwenye kipande kilichobaki, na siku ya mkutano mpunga wake ulikuwa umeanza kuchanua, ndege wakikaribia. Kesho yake nilikwenda ofisi ya kata na yule jirani, sasa bibi kizee, akaweka dole gumba chini ya jina langu. Nilisubiri karatasi igongwe muhuri nikiiona, maana simwamini mtu. Niliandika hivi:

"Namlalamikia mwenyekiti wetu kwa kuchagua debe kuwa ishara ya hatari wakati wa ndege, kwa mara ya pili. Naomba aitwe mbele ya wanakijiji aeleze nani alimpa wazo hilo. Naomba wapimaji wasiingie bondeni kabla hajajibu. Wakiingia, watatukuta tumeshakaa shambani, wote, bila debe."