Trekta la Bi Zuwena na Jirani wa Nyuma ya Ukuta

Bado naiona mbele ya macho yangu, mwanangu, ile Ijumaa tuliposimama katika bustani ya Bi Zuwena, Ibra ya zamani, mimi na Ami Nassor, tukilitazama trekta ambalo halikuwa na pa kutokea. Lilikaa baina ya mitende, dogo, jembamba, wekundu wake umefifia ukawa kama udongo, na magurudumu yamezama ardhini. Mbele yetu palikuwa na kipito cha mlango, finyu, chenye kona. Nyuma yetu ukuta wa udongo, na nyuma ya ukuta bustani ya jirani.

Nieleze kwanza watu hawa ni nani, maana sipendi habari inayosimuliwa ovyo. Ami Nassor hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa fundi aliyerudi kutoka Pemba akafungua karakana Firq, jirani na Nizwa. Magari ya watu yalimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye matrekta ya bustani, yale madogo yaliyoundwa kupita baina ya miti. Watu walikuwa wameanza kuyaacha yaoze mashambani, naye alikuwa akiyakusanya, akiyafungua, akiyasafisha na kuyarudishia uhai. Hakuyauza. Akimaliza moja alililimisha, akafurahi, akatafuta jingine.

Mimi nilikuwa karani kijana Ibra, kanzu imepigwa pasi, kalamu mfukoni. Siku za mapumziko nilikwenda Firq kumsaidia, na sababu nitaisema wazi: kwake nilisikia Kiswahili cha nyumbani mchana kutwa bila ya mtu kunicheka. Ofisini Kiarabu changu cha kuandika kilisifiwa. Nilikisoma kwa bidii, nikakinyoosha mpaka wakubwa wakawa wananiletea barua zao nizirekebishe. Lakini nikifungua mdomo, ulimi ulinifichua. Walijua papo hapo nimetokea wapi, na wako waliokuwa wakinirudishia maneno yangu kwa lafudhi yangu, wakacheka. Basi nikazoea kuandika. Hata la kumwambia mtu wa meza ya pili, niliandika.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa Bwana Khamis, aliyenunua trekta lile. Alikuwa anahamia Maskati kwa mwanawe, na bustani alikwisha mkodisha mtu. Mpangaji huyo alikuja kuitazama, akalipiga trekta teke, akasema kila chuma atakachokikuta mwisho wa mwezi atakikata akauze kwa uzani. Hapo ndipo Bi Zuwena alipomtumia salamu Ami Nassor.

"Lichukue," alimwambia. "Sitaki kitu. Nataka lisikatwe tu. Khamis alilipenda hili trekta kuliko alivyonipenda mie, na mie nilikuwa mke mzuri."

"Nimesikia hivyo, Bibi," akajibu Ami Nassor.

"Umesikia lipi? La trekta au la mke mzuri?"

"Yote mawili."

Akacheka, kisha akasogea pembeni akatuachia kazi. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Tukatoa magurudumu, tangi, usukani, rejeta, kiti. Vyote vilipita mlangoni. Nati zilizoganda kutu Ami alizipaka mchanganyiko wake wa mafuta, akaziacha mpaka Ijumaa ya pili, akazigonga polepole kama anayemwamsha mtoto. Hakuruhusu patasi. Ikabaki injini na giaboksi, vilivyofungwa pamoja, kipande kimoja kirefu kizito. Kile hakikukunja kona ya kipito. Tulikipima kwa kamba, tukakipima tena kwa ubavu. Hakikukunja. Kukitenganisha kuliwezekana kwa nyundo tu, na Ami alisema chuma kile kikipasuka hakuna tena trekta, kuna mapambo.

Tukamuuliza Bi Zuwena lilivyoingia.

"Mie nilikuwa Maskati, najifungua," akasema. "Niliporudi nililikuta limesimama. Nikamuuliza Khamis, akaniambia limeota."

Ikabaki njia moja kwa akili zetu: kufungua ukuta. Lakini ukuta ule ulikuwa wa bustani mbili. Jirani alikuwa Mzee Saud, mwenyeji wa Ibra ambaye hajapata kuishi kwengine, na miguuni pa ukuta ulipita mfereji wa falaj unaonywesha mitende yake. Tena yeye na Bi Zuwena walikuwa hawasemezani. Baada ya Khamis kufa waligombana kwa ajili ya mtende uliomea kwa Bi Zuwena ukainamia kwa Mzee Saud. Tende zilianguka kwake, naye akaziokota.

"Ukuta si wangu peke yangu," akasema Bi Zuwena. "Saud akikubali, mie sina neno. Lakini mie simwombi."

"Nitalishughulikia," nikasema.

Nikalishughulikia kwa namna niliyoijua. Niliandika barua. Ilikuwa barua nzuri, mwanangu, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri: ina anwani, ina mada, inaomba ruhusa ya kufungua sehemu ya ukuta kwa muda, inaahidi kuujenga upya kwa udongo ule ule na kuulinda mfereji. Wako walioeneza kwamba nilitumia karatasi ya serikali. Si kweli. Karatasi ilikuwa yangu, wino ulikuwa wangu, na niliiandika nyumbani kwangu. Nikampa dereva mmoja ampelekee.

Dereva akarudi nayo siku ile ile, imefunguliwa na kukunjwa upya. "Mzee anasema ukuta haufunguliwi," akaniambia. "Tena anasema atakuja ofisini aulize tangu lini serikali inamwandikia mtu habari za mitende yake."

Nikaona giza. Si kwa kuogopa kufukuzwa. Sikuwa nimevunja kanuni yoyote. Niliona mwisho wa mwezi unakaribia, na yule mpangaji na msumeno wake wa chuma. Nikampelekea Ami Nassor barua ile, nikitaraji atakasirika pamoja nami.

Akaifunua juu ya boneti ya gari alilokuwa akilitengeneza, akaisoma yote. Kiarabu cha Ami kilikuwa kibovu kuliko changu mara nyingi, na hakuwahi kukionea haya. Alikisema sokoni kwa sauti kubwa, na watu wakamwelewa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Mwandikie waziri namna hii, atapendezwa. Lakini huyu bwana anakaa nyuma ya ukuta. Ukikohoa kwa Bi Zuwena, yeye anasikia. Sasa wewe umesimama hapa, yeye kasimama pale, unampelekea karatasi kwa gari?"

"Ami, nilitaka mambo yawe sawasawa."

"Ulitaka usichekwe." Hakupandisha sauti. Alinikunjia barua, akanirudishia. "Mimi nakujua. Unaogopa kufungua mdomo, basi unamfungia mtu mlango wake kwa adabu. Mtu akipata barua kama hii anajua jambo moja tu: kwamba aliyeiandika hakutaka kumwona. Nenda kabishe hodi. Useme kwa mdomo huo huo ulio nao. Akicheka, mwache acheke. Kucheka hakujengi ukuta."

Niliudhika, sikatai. Nilimjibu kwamba ombi la aina ile hupaswa kuandikwa, ili baadaye asitokee mtu akakana. Akaniambia nikishakubaliwa niandike nipendavyo. Kisha akaingia chini ya gari, na miguu yake ikawa ndiyo inayonitazama.

Nikaenda. Mzee Saud alikuwa amekaa barazani pake, mwembamba, ndevu nyeupe, anasuka kamba ya kupandia mitende. Nikamsalimu, nikajitaja, na Kiarabu changu kikaanza kujikwaa tokea neno la tatu. Aliniacha niende mpaka mwisho. Hakunisaidia hata neno moja.

"Wewe ndiye uliyeandika?" akauliza.

"Mimi, Ami Saud."

"Barua yako inasema kama khatibu wa Ijumaa. Wewe unasema kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani."

Masikio yakaniwaka moto. "Barua niliifuta na kuiandika mara nyingi," nikamwambia. "Ya mdomoni hayafutiki."

Akanitazama, kisha akacheka, kicheko kirefu cha kikohozi, akanisogezea sahani ya tende na kunimiminia kahawa. Niseme ukweli wa jambo hili, kwa kuwa nimeliogopa muda mrefu: kicheko kile hakikuniua. Nilipokunywa kikombe cha pili kicheko kilikuwa kimekwisha, na mimi nilikuwa bado nimekaa.

"Haya," akasema. "Mnataka nini na ukuta?"

Nikamweleza habari ya injini na kona ya kipito, kwa maneno na kwa mikono. Akaacha kusuka.

"Injini ya Khamis?" akasema. "Hiyo haikupita mlangoni. Imepita hapa." Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu, pale ukuta ulipokuwa umelika kidogo. "Tuliweka magogo ya mitende, tukaifunga kamba, tukaiburura ikapanda upande huu, ikateremka ule. Khamis alikaa juu ya ukuta anatoa amri, mimi niko chini navuta. Siku zote ilikuwa hivyo, yeye juu, mimi chini. Halafu akaniapisha nisimwambie mkewe, ili adhani lilianguka kutoka mbinguni."

"Kwa nini hukusema, Ami?"

"Nani aliyeniuliza? Yule bibi hasemi nami. Wewe umeniandikia habari za ukuta, nikakujibu habari za ukuta. Ungeniuliza habari za injini, ningekujibu za injini."

Ijumaa iliyofuata tuliirudisha kwa njia iliyoingilia. Magogo, kamba alizosuka Mzee Saud mwenyewe, Ami Nassor chini, vijana wawili wa karakana wakisukuma. Mzee Saud alipanda juu ya ukuta bila ya kuulizwa, akakaa pale pale alipokuwa akikaa mwenzake, akatoa amri nyingi, nyingine hazina maana. Hakuna tofali la udongo lililong'oka, wala mfereji haukukatika hata tone.

Injini ilipotua kwake, Mzee Saud akakataa kuiachia iondoke. Mlango wa bustani yake ulikuwa mpana, pikapu ikiingia bila taabu. Akataka trekta liungwe hapo, liwake hapo, ndipo lichukuliwe. "Hili trekta nimelibeba," akasema, "nalijua uzito wake, lakini sijapata kuliona likilima kwangu." Ami Nassor akaona ni haki. Wakaliunga wawili hao, mmoja na Kiarabu chake cha sokoni, mwengine na neno moja la Kiswahili alilojifunza, "polepole", akilisema hata pasipohitajika.

Siku ya kuliwasha nilikwenda kumwambia Bi Zuwena. "Kwa nini liwashwe kwake?" akauliza, akakunja uso. Akajitanda, akatoka na chupa ya chai, akazunguka njia nzima ya nje mpaka mlango wa jirani, akasimama.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mzee Saud kutoka ndani. "Mlango huu haujapata kufungwa."

"Ulifungwa. Mie naupita kila siku, nauona."

Mzee akaja, akausukuma mlango mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Basi leo uko wazi."

Bi Zuwena akaingia. Ami Nassor akauvuta mkono wa kuwashia, mara ya kwanza bure, ya pili likapiga chafya ya moshi mweusi, kisha likashika. Ulikuwa mngurumo mdogo, wa kukatikakatika, na ndege wote waliruka mitendeni. Bi Zuwena alisimama na chupa yake kifuani, akalifuata kwa macho mpaka Ami alipolima mstari mmoja wote akarudi.

"Lilikuwa na kelele zaidi," akasema.

"Lilikuwa na Khamis juu yake," akajibu Mzee Saud. Nikamfasiria Bi Zuwena, ingawa alikwisha fahamu. Akammiminia chai. Mwisho wa mwezi mpangaji alipokuja hakukuta chuma, na funguo za bustani alipewa na Mzee Saud, kwa kuwa Bi Zuwena alimwachia yeye.

Trekta lile niliachiwa na Ami Nassor alipozeeka, na leo liko kwangu pamoja na mengine niliyoyatengeneza baada ya kustaafu. Linalima. Vijana huja kuliona kutoka Nizwa, kutoka Sur, wengine wenye mapenzi ya kweli na vyuma hivi, nami nawafurahia. Lakini nimeona pia mambo ya kukasirisha, na sitayaficha. Nimeona mtu anapeleka winchi, anabomoa ukuta wa udongo kwa saa moja, analiburura trekta kwa mnyororo juu ya mfereji wa watu, kisha ujumbe wa samahani anautuma kwa simu, pamoja na kijipicha cha viganja viwili vilivyounganishwa. Nimeona moja limewekwa mbele ya mkahawa, linang'aa kama sahani, limepandwa maua pale palipokuwa na injini. Nikamuuliza mwenyewe injini iko wapi. Hakujua. Hakujua pia lilikuwa la nani.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukitaka kukirudishia uhai kitu cha zamani, anza kwa watu wake. Tafuta aliyekibeba, aliyekivuta, aliyegombana kwa ajili yake, ukakae naye. Nati iliyoganda ipake mafuta uingoje, wala usiibomoe nyumba ya mtu kwa kuwa siku yako ni fupi. Jambo lenye uzito lipeleke kwa miguu yako, ulitamke kwa sauti yako, hata kama lugha yako ina makovu na watu watatabasamu. Kuandika kuna wakati wake, na mimi niliyekula mshahara wa kuandika maisha yangu yote siwezi kukudharau ukiandika. Lakini andika baada ya kuonana. Karatasi, na hiyo simu yako, vitunze yale ambayo watu wamekwisha kubaliana macho kwa macho.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioona haya. Akujaalie majirani wanaokucheka na kukumiminia kahawa, na kila utakapobisha hodi, pawepo mtu ndani wa kukuitikia.