Sare Moja kwa Vyama Viwili

Nilikuwa nikishona kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, Kariakoo. Cherehani ilikuwa yake, miguu ya kuikanyagia ilikuwa yangu. Tajiri yule alikuwa mkarimu, mcheshi, mswalihina, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kumkatalia mteja mwanamke hakuweza hata kwa dawa.

Ugonjwa huo ulituponza pale vyama viwili vya ngoma, kimoja cha mtaani kwetu na kingine cha Msimbazi, vilipokuja kuchagua sare ya Idi. Usidhani nasimulia habari za nguo tu. Sare ilifichwa mpaka asubuhi ya sikukuu, chama kitokeze Mnazi Mmoja kikiimba na wapinzani wabaki midomo wazi. Ukimkuta mpinzani kavaa kama wewe, bora usingetoka nyumbani.

Basi tajiri alikuwa ameviahidi vyama vyote viwili jora lilelile jekundu la maua meupe. Niligundua nilipokuwa nawapima wa Msimbazi, mkubwa wao aliponyoosha kidole kwenye kitambaa ambacho wale wa mtaani kwetu walikwisha kukichagua. Nikamfuata tajiri ndani.

"Wewe shona zote, fundi," akaninong'oneza. "Watajuana hukohuko Mnazi Mmoja."

"Watararuana, tajiri!"

"Siku hiyo duka limefungwa. Shona, au cherehani nampa mwingine."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeoa, na mke wangu alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mumewe ni fundi. Niliogopa hasa. Lakini nilijiuliza, Idi ikipita, watamfuata nani, aliyeuza au aliyeshona? Hasira zikanipanda. Nikaweka mkasi chini, nikapeleka salamu kwa wakubwa wa vyama vyote viwili waje alasiri.

Wakaja. Walipoonana barazani kila mmoja akataka kugeuza.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Marahaba. Huyu naye anatafuta nini hapa?" wakauliza kwa pamoja.

Nikawaeleza yote, jora likiwa mapajani mwangu. Walimpigia tajiri kelele mpaka muuza kahawa akatua birika lake asikilize. Tajiri alikuwa amejibanza nyuma ya majora, kilemba tu kinaonekana.

"Mama zangu," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Idi hii kitambaa hiki hakivai mtu. Kila chama kitachagua kingine, siku yake, peke yake. Mimi nitashona, na mdomo wangu nitaushona kwanza."

Kisha wa Msimbazi akacheka, na mwenzake, asije akaonekana mnyonge, akacheka zaidi.

Hapo tajiri akajitokeza akitengeneza kanzu yake. "Naam, ndivyo nilivyoamua mimi."

"Wewe nyamaza!" akasema mkubwa wa chama cha mtaani kwetu. "Tutanunua kwako kwa sababu ya fundi huyu. Ukimwondoa, tunahamia duka la pili."

"Na sisi tutawafuata," akaongeza wa Msimbazi. Wakatazamana, wakashtuka kwamba wamekubaliana jambo.

Tajiri alinitazama mimi, akaitazama cherehani, akawatazama wale wanawake wawili waliojishika viuno.

"Sasa fundi," akasema kwa ukali, "mbona umekaa tu? Wapime wateja!"