Hadithi za Salhiya

Kidawa Silima alikuwa na wivu, na hapana haja ya kulipamba neno. Wivu ulimkaa kooni tangu alipofumbua macho alfajiri mpaka alipoyafumba, na siku ile sokoni Darajani ulimpanda mpaka kichwani. Alikuwa anachagua ndizi, hana habari na mtu, mara mwanamke mmoja asiyemjua akamshika mkono kwa bashasha.

"Dada, samahani. Mimi natoka Bububu. Wewe si nimekuona ukifuatana na Salhiya? Yule mwenye hadithi?"

"Hadithi gani?"

"Jamani! Ya Faiza na Abdulrazak! Sisi kwetu tunaisikiliza kwenye simu, hata vyungu vinaungua. Hebu nambie, Salhiya keshakudokeza kama wataoana?"

Kidawa akazirudisha ndizi mahali pake. "Sijui," akasema. "Kamuulize mwenyewe."

Hajui! Yeye aliyemtunga Faiza tangu kope mpaka kisigino, akamtunga na Abdulrazak, akawaandalia nyumba ya Vuga yenye roshani, akawagombanisha mara tano na kuwapatanisha mara tano, leo ndiye hajui! Akarudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima anasema peke yake.

Alikuwa mshona kofia wa Mkunazini, mwanamke wa miaka arubaini na sita, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Tangu yuko skuli alikuwa akiandika hadithi za mapenzi katika madaftari makubwa ya gamba gumu. Alimaliza moja akaanza jingine, yote akayafungia sandukuni chini ya nguo, na hakuna aliyeyajua ila mumewe, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiyaita "yale makaratasi."

Sasa, kila baada ya alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika uani kwa Bi Thuwaiba kushona kofia. Mikono ina kazi, masikio hayana. Mwaka juzi Kidawa akapiga moyo konde akaja na daftari. Akakohoa, akasoma. Lo! Alisoma kama mtu anayetangaza kukatika kwa maji. Abdulrazak anamwambia Faiza atakufa kwa ajili yake, na Bi Thuwaiba, mwenye nyumba, huyo anakoroma na sindano mkononi.

"Nipe mimi, shoga," akasema Salhiya, akalichukua daftari.

Salhiya alikuwa shoga yake tangu chuoni, tangu walipokuwa wakichapwa pamoja kwa kusahau aya. Katika ujana wake alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na mpaka leo kila Jumamosi huwakusanya watoto wa mtaa akawafundisha michezo ya zamani, ile ya masultani na mawaziri wasaliti. Mwanamke mnene, mcheshi, na sauti, sauti! Alisoma ukurasa ule ule, na Bi Thuwaiba akaamka. Akamsoma Abdulrazak mpaka wanawake wakajirekebisha mitandio, kana kwamba mwanamume kaingia kweli. Toka siku ile msomaji akawa yeye. Na alikuwa na mtindo wake mmoja hauvunji: hasomi mbele. Kidawa akimpa sura mpya aipitie kwanza, humrudishia. "La, bibi wee. Nataka nishangae pamoja nao."

Ilham, mjukuu wa Bi Thuwaiba, akaanza kumrekodi kwa simu na kuwapelekea watu, na hao wakawapelekea wenzao. Sauti ikafika Kizimkazi, ikafika Pemba, ikafika mpaka kwa jamaa walioko Maskati. Kote ilikofika iliitwa hadithi za Salhiya. Salhiya hakuiba. Hilo Kidawa alilijua, na ndilo lililomuudhi zaidi. Angeiba, angalau angepata la kugombana naye. Salhiya alikuwa anasahau tu kusema. Watu wakimuuliza, "Kesho itakuwaje?" hucheka akajibu, "Subirini muone," naye hajui lolote zaidi yao!

Bado Kidawa alivumilia. Kilichomtoa kwenye uvumilivu ni mchezo wa watoto wa Sikukuu Ndogo.

Salhiya alitaka watoto waigize mchezo mmoja wa kale sana, wa waziri aliyefungwa kwa uongo na binti sultani aliyemtetea. Maneno yalikuwa magumu, ya mababu. Akaja kwa Kidawa akipiga magoti kwa mzaha. "Nilainishie, shoga yangu. Ndimi za watoto hawa nzito." Kidawa alifanya kazi ile wiki tano. Kila mtoto alimkatia maneno ya kinywa chake. Bakar mdogo, aliyeng'oka meno ya mbele, alimtungia maneno ambayo hata akiyasema kwa kinywa cha kibogoyo yanasikika. Siku ya siku wazazi walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mwalimu mmoja akasimama akasema, "Tumshukuru Bi Salhiya, aliyetutungia na kutufundishia watoto wetu." Salhiya akaweka mkono kifuani, machozi ya furaha yanamtoka, watoto wanamning'inia shingoni. Hata nyuma hakutazama. Nyuma alikuwa amesimama Kidawa, kashika kilemba cha karatasi cha sultani, anasubiri kuitwa.

Hakuitwa. Akaenda nacho kilemba chake mpaka nyumbani.

Asubuhi yake, maharage yakiwa motoni, alifungua daftari akamtunga mtu mpya. Akamwita Zuwena. Zuwena alikuja katika hadithi kumpora Faiza mchumba wake, na Kidawa hakumwachia hata chembe ya heshima: mwongo, hana haya, mpumbavu. Akamfanya mrefu, mwembamba, mtu wa Makunduchi, kusudi asitambulike na yeyote isipokuwa mmoja. Kwa sababu ndani yake alimtia jambo ambalo duniani walilijua watu wawili tu.

Miaka minane nyuma Kheir, mume wa Salhiya, alikwenda Maskati kutafuta kazi, hakurudi. Mtaa mzima unajua kwamba Salhiya ndiye aliyemchoka akadai talaka yake. Mwenyewe husema hivyo na kucheka. Lakini siku moja, mlango umefungwa, alimweleza Kidawa ukweli, akamwapisha kwa Mungu. Talaka ililetwa kwa bahasha, hakuidai mtu. Salhiya akaificha chini ya godoro. Na mwaka mzima, kila Ijumaa, alifukiza nguo zake udi, akapika pilau, akapakua sahani mbili. Ya pili aliifunika kawa akakaa nayo mpaka magharibi, kisha akampelekea jirani. "Chukua, mwenzangu, chakula kimezidi."

Yote hayo Kidawa aliyaandika, bahasha, godoro, udi, kawa. Akayatia kejeli neno kwa neno, huku anacheka peke yake jikoni. Alitaka wanawake wamcheke Salhiya bila ya kujua wanamcheka nani, na Salhiya ajue.

Alasiri ile uani palijaa. Ilham aliweka simu yake juu ya kinu, Salhiya akapokea daftari, akakohoa mara mbili kama kawaida yake, akaanza. Zuwena alipoingia alimtafutia sauti ya kukwaruza, ya mwanamke anayejiona, na wanawake wakacheka mpaka wakachomana na sindano. Hata Kidawa alicheka.

Salhiya akafika kwenye bahasha.

Akarudi mstari mmoja juu, akaupitia tena kwa macho. Akashusha macho mpaka chini ya ukurasa, jambo ambalo hajapata kulifanya.

Kidawa alikuwa na nafasi. Angeweza kusema, "Shoga, leo basi, nimechoka," na ingetosha, nani angemuuliza? Maneno yalimfika ulimini. Akakumbuka makofi ya Sikukuu, akayameza maneno yake, akainamia kofia yake akaendelea kushona.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Bi Thuwaiba. "Mwandiko mbaya?"

"Hapana, bibi. Nna kiu."

Akanywa maji, gilasi nzima. Akaitazama simu juu ya kinu, akalitazama daftari, akasoma. Ile sauti ya kukwaruza hakuirudia. Alisoma kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, ambayo Kidawa hakuwa ameisikia tangu siku ile ya mlango uliofungwa. Na matusi yote Kidawa aliyoyapanga, yale ya mpumbavu akafunika sahani, mpumbavu akakaa akatega sikio mlangoni, katika kinywa cha Salhiya hayakuwa kejeli tena. Alikuwa mwanamke anajigombeza nafsi yake na haachi. Sindano zikasimama. Hakuna aliyecheka. Ilham alikuwa anafuta pua kwa kiganja. Alipofika kwa jirani na ile "chukua, mwenzangu, chakula kimezidi," Bi Thuwaiba alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti kama yuko msibani.

"Masikini Zuwena!"

"Abdulrazak amuoe huyu! Faiza atajijua!"

"Salhiya, mwanangu," akasema Bi Thuwaiba, kanga imelowa, "maneno gani haya ya leo? Umeniua."

"Si yangu," akasema Salhiya. Akaisogelea simu. "Ilham, bado inachukua?"

"Naam, bado."

"Basi sikilizeni, mlio hapa na mlio mbali. Hadithi hii imetungwa na Kidawa Silima wa Mkunazini, tangu neno lake la mwanzo. Hata ule mchezo wa watoto, maneno yalikuwa yake. Mimi nilikuwa msomaji tu, na nimekosa kutosema mapema. Nisameheni, na yeye anisamehe. Kuanzia kesho atakusomeeni mwenyewe."

Akalifunga daftari, akaliweka kwenye mapaja ya Kidawa, juu ya kofia isiyokwisha. Hakumtazama machoni. Akajitanda buibui lake, akaenda mlangoni.

Kidawa aliinuka nusu, akakaa tena. Wanawake walikuwa wamemgeukia wote, na nyuso zile, wallahi, ndizo nyuso alizokuwa akizitamani miaka miwili, zimejaa mapenzi na mshangao, na zote zake. Alijiona kama kameza mwiba.

"Kumbe wewe!" Bi Thuwaiba akaushika mkono wake akaubusu, yeye bibi mzima. "Na umekaa hapa unatutazama tu! Hebu nambie, mwanangu, umeyapata wapi haya? Haya ya sahani ya pili. Haya mtu hayaoti. Nani kakupa?"

Mlangoni Salhiya alikuwa anatafuta kiatu kwa mguu. Mguu ukasimama. Mgongo aliwapa wao, lakini hakutoka. Ilham akaitoa simu juu ya kinu, akaisogeza karibu na mdomo wa Kidawa.

"Nimetunga tu," akasema Kidawa.

Salhiya akavaa viatu vyake akatoka, na nyuma yake wanawake wakampigia Kidawa vigelegele.