Gitaa la Georgette wa Kazimia

Casimir ni fundi cherehani karibu na soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, mzee mrefu ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Watu walimjua kwa suruali za shule na sare za kwaya. Kwamba ujanani aliimba muziki wa roki, karibu hakuna aliyekumbuka.

Bendi yao iliitwa Bangurumo ba Mutambala, yaani ngurumo za mto Mutambala. Walikuwa vijana wanne wa Fizi, wakipiga magitaa ya umeme kwa kelele iliyowachosha wazazi wao wote. Walikwenda Bujumbura wakarekodi santuri moja ndogo, kisha wakatawanyika, mmoja akaoa, mwingine akafuata kazi Kalemie. Vita vilipokuja na watu wakakimbilia ng'ambo ya ziwa, santuri zilibaki kwenye nyumba zilizoporwa, na wimbo ukapotea.

Aliyeufufua ni Dany, mtangazaji wa redio moja ya hapo mjini, ambaye Jumamosi hupiga muziki uliosahaulika. Aliipata santuri hiyo ndani ya sanduku la mfanyabiashara mmoja marehemu. Haikuwa na jalada wala jina la mpigaji yeyote, jina la bendi tu. Katikati ya wimbo mwimbaji ananyamaza, gitaa linabaki peke yake, likikwaruza na kulia na kupanda, mpaka anayesikiliza anaacha alichokuwa akifanya. Vijana wa taxi-moto, wabeba abiria kwa pikipiki, wakarushiana wimbo kwa simu. Ukafika hata Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Dany akaomba hewani kwamba yeyote anayewajua wanamuziki hao ajitokeze.

Casimir akajitokeza. Alivaa koti lake la Jumapili, akaketi mbele ya maikrofoni, akaimba ubeti wa kwanza kwa sauti iliyochakaa, na hakuna aliyekuwa na shaka tena. Vijana walijaa dirishani. Kisha Dany akauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa ukiliuliza.

"Papa Casimir, ile gitare, ni nani alikuwa anaipiga?"

Aliyelipiga ni Georgette, mmoja wa wale wanne, binti wa mvuvi wa kijiji cha Kazimia, aliyejifunza gitaa kwa kaka yake na kumpita. Casimir alilijua hilo kama anavyolijua jina lake mwenyewe. Lakini nyuso zile dirishani zilikuwa zikimtazama kwa namna ambayo hajatazamwa kwa miaka mingi. Tena alidhani Georgette alifia ukimbizini. Ndivyo alivyojiambia baadaye, ingawa hakuwahi kumuuliza mtu.

"Ni mi," alisema.

Neno dogo namna hiyo, na likampeleka mbali. Barabarani walimpigia honi. Mlangoni pake walikuja wasichana na wavulana kumwomba awafundishe. Walipomletea gitaa alisema vidole vinamuuma, wakamhurumia, na huruma yao ilimchoma kuliko lawama. Mke wake, Marthe, alimwuliza tangu lini alijua gitaa. Aliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Kisha mama mmoja wa Kazimia, aliyeleta kitambaa kishonwe, alimweleza bila ubaya wowote kwamba kule kwao kuna mzee aitwaye Georgette ambaye akili imeanza kumtoka. Alisikia wimbo redioni akadai kuwa ni yeye aliyepiga gitaa. Familia nzima ilicheka.

Casimir alikata kitambaa kile vibaya, ikabidi anunue kingine. Asubuhi iliyofuata alipanda boti.

Alimkuta Georgette akianika ndakala, dagaa wa ziwani, kwenye turubai. Hakumfokea. Alimletea kiti, akaagiza aletewe ugali wa bukari na samaki, akamwuliza habari za Marthe na watoto. Casimir alishika tonge mkononi, akalirudisha sahanini. Alianza kusema kwamba alidhani amekufa, akaishia katikati, kwa sababu hata masikioni mwake mwenyewe maneno yale yalikuwa machafu.

"Nilikusikia," Georgette alisema. "Nilikuwa na furaha, nikaita batoto bangu bote. Nikabaambia, ni mi njo napiga pale. Kisha we ukasema ni we."

Alieleza mengine huku akigeuza ndakala. Tangu siku ile watu wa nyumbani walizungumza naye polepole, kama mgonjwa. Vanessa, mke wa mwanawe, alikuwa akimbeba mtoto mchanga mpaka shambani, kwenye jua, ingawa bibi yake alikuwepo nyumbani.

"Haniachiaki tena mutoto," alisema. Hapo tu ndipo sauti ilipomvunjika.

Casimir aliomba Vanessa aitwe. Alisimama mbele ya mama huyo kijana, ambaye angeweza kuwa binti yake, akamwambia kwamba alidanganya, kwamba mama mkwe wake hana kasoro yoyote kichwani. Vanessa alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Kisha akafungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Georgette.

Casimir alimwomba Georgette waende Baraka pamoja wakaseme redioni.

"Hapana. Wende we mwenyewe. Uongo, uliisemaka we moja."

Jumamosi alikwenda, akasema yote. Dirishani vijana walikuwa walewale, na mmoja baada ya mwingine waliondoka kabla hajamaliza. Honi za barabarani zilikoma. Wateja waliendelea kuja, maana suruali ni suruali, lakini yeye alishindwa kuwatazama usoni, akawapima akiangalia namba tu.

Baadaye Dany na wenzake walikwenda Kazimia na gitaa la kuazima. Hawakumwambia Casimir. Alisikia redioni nyumbani, ameketi na Marthe. Georgette alianza vibaya, akikosea na kujicheka, kisha vidole vikakumbuka, na Marthe akaacha kuchambua maharage.

Dany akamwuliza Georgette kuhusu bendi. Akawataja wote, kila mmoja na alichokijua. Alipofika kwa Casimir alisema kwamba alikuwa na sauti nzuri kuliko vijana wote wa Fizi, na kwamba bila sauti ile wimbo usingekuwa kitu.

Uongo wake hakuutaja. Casimir aliinuka, akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba. Marthe alimwita mara kadhaa arudi kusikiliza. Hakuweza kurudi mpaka wimbo ulipokwisha.